Nyota ya Sita kwenye Ngoma ya Sajini

Nyinyi wasichana wanne mliokuja kwangu Jumamosi na daftari, mkakaa kwenye mkeka wangu, mkanywa chai yangu mpaka birika likaanza kupiga kelele, kisha mmoja wenu, yule ambaye soksi zake zilikuwa zimeteremka, akaniuliza kama chupa nayo ni jazz: maneno haya ni yenu. Siku ile sikujibu kwa sababu mtoto alikuwa analia na mimi nilikuwa nimekasirika. Sasa mtoto amelala. Hasira bado ipo, lakini imekaa kitini na inaweza kushika kalamu.

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na sita. Chekeni mmalize. Karani akistaafu anapewa saa ya mkononi na hotuba. Hata fahali wa kulima kule chuo cha kilimo cha Bukura, akichoka, wanafunzi wanamsindikiza mpaka malishoni. Lakini mpiga chupa akisema amestaafu watu wanamwuliza alikuwa amechoshwa na nini. Basi niliipiga chupa ya soda kwa msumari miaka saba, kwenye bendi ya jazz ya hapa Kakamega, tangu mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na mama yangu aliniona nikikifunga kwenye kanga na kwenda kupiga chupa. Hajanisamehe mpaka leo, ingawa kila wimbo wetu anaujua.

Tuelewane kwanza kuhusu hilo neno mnalolipenda. Kiongozi wetu alikuwa Sajini Shiundu, mpiga tarumbeta, aliyetoka vitani Burma na vyeo viwili na karatasi za nota kwenye sanduku la bati. Kwa Sajini, jazz ilikuwa ile dansi ya maofisa: fokstroti na wolzi, wanaume wamefunga tai, hakuna anayetoa jasho. Mpiga gitaa wetu alikuwa Andaye wa Khayega, ambaye hakuwahi kuona nota hata moja na akikuta karatasi ya Sajini anafungia tumbaku. Kwa Andaye jazz ilikuwa gitaa moja, vidole viwili, na chupa pembeni, ile inayochezwa matangani na harusini mpaka wazee wanasahau kilichowaleta. Kisha Uhuru ukaja, na redio ikatuletea rumba kutoka Kongo, tukaiita jazz. Haukupita muda vijana wakaanza kujinyonganyonga viuno kwa twisti, nayo tukaibandika jina hilohilo. Kibao chetu cha jina kilikuwa kilekile. Ukiniuliza leo jazz ni nini, nitakwambia ni lile neno lililobaki kwenye kibao wakati kila kitu kilicho chini yake kimeshabadilishwa.

Jinsi nilivyoingia ni hivi. Nilikuwa nimeenda Khayega na binamu yangu kuangalia dansi ya Jumapili mchana, na mpiga chupa wao alikuwa amelazwa na malaria. Andaye akauliza kama kuna mtu anayejua kuhesabu mpaka nne bila kukosea. Nikanyoosha mkono, kama darasani. Watu wakacheka, nami nikakasirika, na nikiwa na hasira huwa nahesabu vizuri sana. Nikapewa kigoda, chupa na msumari wa inchi sita.

Makosa yangu ya kwanza yalitokana na elimu. Andaye alikuwa na mtindo wa kufunga penseli kwenye shingo ya gitaa kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili kupandisha sauti. Gitaa likipanda, chupa inaanza kugombana na nyuzi, lazima uilinganishe kwa maji. Mimi nilikumbuka mwalimu wetu wa sayansi akipuliza mdomo wa chupa: akiongeza maji, sauti inapanda. Nikatia maji. Sauti ikashuka. Nikaongeza, ikashuka zaidi. Kufika ubeti wa tatu nilikuwa nimejaza mpaka shingoni, na chupa ikawa inasema bup, bup, kama chura mwenye mafua. Andaye hakusimama. Aliingiza ubeti mpya palepale, kwa Kiluhya, kwamba msichana aliyesoma anaizamisha chupa, nani atakwenda kuiokoa. Watu waliuitisha ubeti huo mwezi mzima.

Kwa hiyo andikeni: mwalimu alikuwa anapuliza, sisi tunagonga. Ukigonga, maji yanateremsha sauti. Ukitaka ipande, mwaga. Hilo halimo kwenye vitabu vyenu na lilinigharimu heshima yangu.

Jambo la pili. Chupa isiwe mpya. Chupa mpya ina sauti ya mtoto anayejibu salamu kwa kulazimishwa. Tafuta iliyochakaa, iliyochunika kwa kusuguana na wenzake kwenye kreti, yenye kitako kinene na mistari ubavuni, kwa sababu mistari hiyo utaikwaruza wimbo ukipoa. Ishike shingo kwa vidole viwili, kama unavyoshika kifaranga: ukiikaba inanyamaza. Msumari uchongwe kichwa. Kwa wolzi tumia kijiko. Sajini alikuwa anasema msumari unanuka kijiji.

Na msiiweke chini. Kuna wakati nilikuwa na chupa moja niliyoitumia mwaka mzima, nikaizoea kama jino langu. Tulipomaliza kucheza Khayega nikaiweka mezani dakika moja nifunge kamba ya kiatu. Mwenye duka akapita akikusanya chupa tupu, akaitupia kwenye kreti, na kreti likapanda lori. Wapiga gitaa hawawezi kupatwa na jambo hili. Hakuna mtu atakayelichukua gitaa lako kwenda kulijaza soda. Niliamka mapema kesho yake nikaenda mpaka ghala la soda mjini, nikaomba ruhusa, nikaanza kugonga chupa moja moja na kusikiliza. Mwenye ghala aliniangalia, akavua kofia, akaniuliza kwa adabu kama nimetumwa na serikali. Nikamwambia ndiyo, ili anyamaze, maana nilikuwa nasikiliza.

Yangu sikuipata. Lakini asubuhi hiyo nilijifunza kitu ambacho Andaye mwenyewe hakukijua: kwenye kila kreti kuna chupa moja, au mbili ukiwa na bahati, ambazo ziko hai. Zilizobaki ni glasi tu. Na mtu aliyezigonga nyingi anaweza kuichagua iliyo hai kwa haraka kuliko unavyochagua nyanya sokoni. Shikeni hapo, nitarudi.

Sasa niwaambie kuhusu ngoma. Sajini alikuwa na ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, yenye ngozi nyeupe mbele, na juu ya ngozi alikuwa amechoresha jina letu: Nyota Nne Jazz. Chini ya jina nyota nne nyekundu. Hesabuni. Sajini na tarumbeta, Andaye na gitaa, Musa wa Mumias na besi, Joeli na ngoma, mimi na chupa. Watano. Nilimwuliza Sajini mwaka wangu wa kwanza, akanijibu bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema nyota ni vyombo, na chombo hakirudishwi dukani.

Nikaendelea kupiga. Kwenye fokstroti nilikuwa saa ya ukutani. Rumba ilipokuja nikajifunza kugonga mara tatu nikitembea na mara mbili nimesimama. Kwenye twisti nilipiga pale ambapo kiuno kinageuka, si pale ambapo mguu unakanyaga. Mitindo ilipobadilika Joeli alihangaika, Sajini alinuna wiki nzima, Musa akasema inshallah itapita tu, na aliyekuwa anawafundisha mdundo mpya alikuwa mimi, kwa sababu mdundo wowote mgeni ukishaukabidhi kwa chupa unaonekana mifupa yake. Bado nyota ni nne.

Kisha nikazaa. Khasandi alikuja wakati wa mvua ndefu, nami nikakaa nyumbani miezi mitatu. Sajini mwenyewe aliniambia nipumzike, kigoda changu kipo. Siku niliporudi mazoezini, mtoto mgongoni, kigoda kilikuwa kimekaliwa na sanduku refu jeusi. Ndani yake mlikuwa na saksafoni. Mwenye saksafoni alikuwa Odipo kutoka Kisumu, kijana mpole wa macho ya usingizi, aliyejifunza kwa kusikiliza santuri za Wamarekani. Na ngoma ilikuwa imepakwa rangi upya. Nyota Tano Jazz. Nyota tano nyekundu, ya mwisho bado inang'aa.

"Sajini," nikasema, "nyota ya tano ni nani?"

"Ni saksafoni."

"Imekuja lini?"

"Jumanne."

"Na mimi nilikuja lini?"

Akamwangalia mtoto, kama mtu anayetafuta jibu kwenye mfuko wa mwenzake. "Mama Khasandi, wewe una mtoto sasa. Na hii jazz ya kisasa haitaki chupa. Jumapili utatusaidia upande wa soda."

Nilimgeukia Andaye, aliyenifundisha kila kitu. Andaye alikuwa anakaza nyuzi ambazo tayari zilikuwa zimekaza.

Sitawadanganya kwamba nilijibu maneno makubwa. Nilisema sawa. Kisha nikaenda nyumbani nikasonga obusuma kwa nguvu mpaka mwiko ukavunjika, na mama akauokota akaniuliza kama huyo niliyekuwa nampiga amekufa.

Jumapili nikaenda kuuza soda. Nilitaka kuona. Ukumbi wa mji ulijaa saa nane mchana: makarani, walimu, wauzaji wa sokoni waliojitengeneza nywele, na wanafunzi wa Bukura waliopiga viatu rangi lakini udongo wa shamba bado kwenye soli. Bendi ilianza na rumba, watu wakacheza. Alasiri Musa akatoka kwenda kuswali, kama kawaida yetu. Hayo ndiyo yalikuwa mapumziko, na nilifungua chupa mpaka kiganja kikachubuka. Musa aliporudi, Sajini akatangaza kwamba sasa Kakamega itasikia jazz yenyewe.

Odipo akafumba macho akapuliza. Nisiseme uongo, ilikuwa nzuri. Alianza na wimbo mfupi, akauchukua akaugeuza ndani nje, akapanda nao, akauacha juu huko, akaenda kutafuta mwingine. Lakini watu wa hapa wanasikiliza kwa miguu, na miguu haikuona pa kukanyaga. Mwanafunzi mmoja wa Bukura alisimama amemshika msichana mkono kama wanaongoja kuvuka barabara. Joeli akajaribu kumfuata Odipo, akapotea, akaongeza mbio ili asionekane amepotea. Musa aliinama juu ya besi. Makarani wakaanza kuzungumza mambo ya ofisi.

Msifikiri niliokoa bendi kwa wema. Khasandi aliamka. Mtoto huyu alikaa tumboni mwangu akisikia chupa, na mpaka leo hulala kwa mdundo ulionyooka. Fujo ya Joeli ilimwamsha, akaanza kulia mgongoni, na ningeliacha dirisha la soda kwa sekunde moja wateja wangeanza kunitukana. Kwa hiyo nikavuta kreti la chupa tupu, nikagonga nne, tano, kwa kifungulio cha soda, nikapata iliyo hai. Nilikuwa nataka tu kumlaza mwanangu.

Ilinibidi nimtafute Odipo yuko wapi ili niende naye. Nikahesabu nne, nikamkosa. Nikajaribu hatua za rumba, nikamkosa tena. Kisha nikaacha kuhesabu kama wa shule nikasikiliza kama mtu wa kwetu Isukha, na nikamsikia anachechemea. Kila hatua yake ilikuwa na vipande vitatu ndani, cha katikati kimemezwa. Nikakumbuka ninakoujua mdundo huu. Ni isukuti, ngoma ya kwetu. Ni ile ngoma ndogo ya isukuti, inayochokoza wakati kubwa inatembea. Huyu kijana wa Kisumu alikuwa amekwenda mpaka Amerika kwa njia ya santuri kuchukua kitu kilichokuwa kinapigwa nyuma ya nyumba ya bibi yangu, nacho hakijijui kama kimesafiri.

Nikapiga ya ngoma ndogo kwenye chupa. Polepole kwanza, kwa ajili ya mtoto. Mama mmoja muuza ndizi, aliyekuwa amenijia kununua soda, akaiweka chini soda yake na bega likaanza kumtembea. Bega moja, kisha la pili. Isukuti huwezi kuicheza kwa miguu tu, mabega yanatangulia. Karani aliyekuwa nyuma yake akaangalia, na la kwake likaitika. Haukupita ubeti ukumbi mzima ulikuwa umenielekea mimi, umeipa bendi mgongo, tai zinaruka.

Odipo akafumbua macho. Alishuka jukwaani akipuliza, akapita katikati ya watu, akaja akaegemea dirisha langu la soda na kunipigia sikioni. Joeli akasikia pa kukanyaga, akatulia. Andaye akaingiza vidole vyake viwili, na nikamwona anacheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sanduku jeusi. Wa mwisho alikuwa Sajini. Alishika tarumbeta muda mrefu kabla ya kuipandisha mdomoni. Khasandi alikuwa ameshalala.

Kesho yake asubuhi Sajini alifika kwangu amevaa koti, na chini ya kwapa ameshika ingokho hai, kuku mweupe mwenye hasira kama zangu. Mnajua nyumbani kwetu mtu akija na kuku hajaja kuongea mambo ya hewa. Tukasalimiana mulembe, mulembe. Akakaa. Akasifu hali ya mahindi. Mwishowe akasema kigoda changu kimeondolewa sanduku.

"Kigoda sitaki," nikasema. "Nataka nyota."

"Mama, jina limeshatangazwa. Ni Nyota Tano. Na fundi wa rangi amerudi kwao Likuyani."

"Jina kaa nalo. Rangi iko wapi?"

Mtu aliyekwenda vitani akirudi anajua wakati wa kusimama. Akasimama. Nikamfunga Khasandi mgongoni, tukashuka mjini sisi watatu, na kuku wa nne, kwa sababu hakukumbuka kumwacha. Kwenye stoo ya ukumbi tulikuta kopo lina rangi kidogo chini, na brashi imekauka ikawa mti. Sajini akaanza kusema basi tungoje. Nikachomoa unyoya mmoja wa kuku wake. Kuku akalalamika kwa lugha ambayo Sajini mwenyewe aliiona kali. Nikapiga magoti mbele ya ngoma, nikaichora nyota ya sita kwa unyoya.

Haikunyooka. Mguu mmoja ni mrefu kuliko mingine na mwingine umevimba, mimi si fundi. Nilipokuwa naiangalia, mkono mdogo ukapita juu ya bega langu na kutua katikati ya rangi mbichi. Sajini akatoa leso aifute alama. Kisha akaikunja leso akairudisha mfukoni.

Kutoka siku hiyo, kila tulipocheza, mtu fulani alikuja mbele, akasoma Nyota Tano, akahesabu, akahesabu tena, akamwuliza Sajini. Nilisogeza kigoda changu karibu ili nisikie. Ilibidi awajibu kila mmoja, kwa mdomo wake, kwamba ya sita ni mpiga chupa.

Watu wanasema niliacha kwa sababu ya mtoto. Nimechoka kulisikia. Mtoto alikuwa mwanabendi mzuri kuliko Joeli. Niliacha wakati magitaa ya umeme yalipofika. Andaye alichomeka lake ukutani, akagusa uzi mmoja, na chupa yangu ikawa kama mtu anayebisha hodi wakati wa mvua ya mawe. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, na Sajini alikuwa akiimbia humo. Nikapiga Jumapili mbili bila kujisikia, ya tatu nikakabidhi msumari. Hakunifukuza mtu. Niliondoka nimehesabiwa.

Sasa wewe wa soksi. Njoo Jumamosi, na wenzako. Pitieni ukumbini kwanza, ngoma bado iko stoo, mwambieni mlinzi mimi nimewatuma. Tafuteni nyota ile yenye miguu isiyolingana na alama ya vidole vitano vidogo katikati. Kisha kila mmoja aje na chupa yake, iliyochakaa, na sukari ya chai. Wewe utakaa karibu yangu.